Jibu Zuri Lenye Kuchelewa ni Jibu Baya



Kila mtu hapa masomoni anajua kwamba komite ya wazazi imekusanya makuta kwa kununua ordinateri. Maneno ni mengi. Wengine wanasema tununue 10, wengine 12. Wengine wanataka zenye kioo kikubwa, wengine wanauliza paka juu ya intaneti. Katika maneno hayo yote, sijasikia hata mtu mmoja mwenye kuuliza: tutajifunza nini juu yake? Leo nataka kutoa wazo langu, na nitalisema wazi. Tupunguze ordinateri mbili. Makuta ya hizo mbili tununue vibao vidogo vya mikrokontrola, ili wanafunzi wa kelasi za juu wajifunze kuandika programu yenye kushika saa. Najua wengine watasema: «Kapita wetu ameanza kuota.» Nawaomba wasome kwanza mpaka mwisho, kiisha wanijibu katika gazeti lenye kufuata.

KITU HICHO NI NINI?

Mikrokontrola ni ordinateri nzima yenye kukaa ndani ya kipande kimoja kidogo, pengine kama ukucha wa kidole. Iko na sehemu ya kuhesabu, iko na kumbukumbu, na iko na miguu midogo ya chuma. Kwa miguu mingine inapokea habari: joto limepanda, maji yamefika juu, mtu amebonyeza. Kwa miguu mingine inatoa amri: washa, zima, zungusha. Haina kioo, haina klavie. Inakaa ndani ya kitu kingine na kukitumikia kimyakimya. Ndani ya telekomandi ya televizio njo iko. Ndani ya regilateri ya sola yenye kuchaji betri nyumbani, mara nyingi iko. Ndani ya kompteri ya umeme ya kulipa mbele iko. Ndani ya gari moja ya leo ziko nyingi. Wewe unayesema hujapata kugusa ordinateri, umezigusa tangu asubuhi.

Tuchukue moja kwa mfano: ATmega328P, yenye kukaa juu ya kibao cha Arduino Uno. Vibao vya Arduino vilianza mwaka 2005 kule Ivrea, katika Italia, na vilifanywa kwa ajili ya wanafunzi. Mikrokontrola hiyo iko na kilobaiti 32 za kuweka programu, na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Kilobaiti 2 ni herufi 2,048, karibu ukurasa mmoja wa gazeti hili. Simu ya mkononi yenye wengi wanaficha mfukoni iko na kumbukumbu mara milioni moja na zaidi. Lakini simu inaweza kukwama, na wewe unangoja huku unaguna. Breki ya gari haina ruhusa ya kukuambia «ngoja kidogo».

Na hapo tumefika penyewe.

SI MBIO, NI SAA

Programu kubwa yenye kugawanya kazi za ordinateri tunaiita sistemu endeshi. Windows ni moja, Android ni moja. Kwa mikrokontrola kuna aina nyingine, sistemu endeshi ya wakati halisi. Watu wengi wakisikia neno hilo wanafikiri maana yake ni mbio. Sivyo. Maana yake ni ahadi. Sistemu ya namna hiyo inaahidi kwamba kazi fulani itamalizika mbele ya saa fulani, leo, kesho, na hata siku ile mashini iko na kazi nyingi kuliko siku zote.

Angalieni mfuko wa hewa wenye kufichwa ndani ya usukani wa gari. Gari ikigonga, mfuko unapaswa kujaa kwa muda wa milisekunde 30 hivi. Milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kama mashini inahesabu vizuri sana, inapata jibu la kweli kabisa, lakini inalitoa nusu sekunde nyuma, kichwa cha dereva kimekwisha kufika kwenye usukani. Hesabu ilikuwa sawa, mtu ameumia. Kwa hiyo katika mashini hizi, jibu zuri lenye kuchelewa ni jibu baya.

Si kazi zote ziko ngumu vile. Video ikikatika kidogo, macho yanavumilia. Ndiyo sababu wataalamu wanatenga kazi zenye saa ngumu na kazi zenye saa laini. Akili ni kujua kazi yako iko upande gani.

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Lakini wao wenyewe walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Sistemu ya wakati halisi inakaa katikati ya methali hizo mbili.

KAZI YA KAPITA

Wadogo wa kelasi ya 7 na ya 8 wataniuliza: «Yaya, sasa kipande kimoja kinafanya namna gani kazi nyingi pamoja?» Nitawajibu kwa kazi yenye mnaiona kila siku.

Kapita anazunguka kelasi zote kuandika wasiokuja. Anaanza ya kwanza, anaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, kiisha anarudi ya kwanza. Mashini ndogo nyingi zinafanya vile: programu inazunguka mviringo mmoja, kazi kwa kazi. Ni njia nzuri na rahisi. Ubaya wake ni huu: kapita akikawia katika kelasi moja juu ya fujo, kengele ya rekreasio inachelewa, kwa sababu kengele inangoja zamu yake katika mviringo.

Njia ya pili: kila kazi inapewa cheo. Kengele iko juu ya liste ya wasiokuja. Mtoto aliyeanguka na kuzimia iko juu ya kengele. Kapita anaandika liste. Saa ya kengele ikifika anaacha kalamu pale pale, anapiga kengele, kiisha anarudi kwenye jina lile lile alilokuwa anaandika. Hajapoteza kitu, kwa sababu aliweka alama mahali alipofika. Sistemu endeshi ya wakati halisi inafanya hivyo hivyo. Inakata kazi ndogo katikati, inatunza alama yake katika kumbukumbu, inafanya kazi kubwa, kiisha inarudia ile ndogo kana kwamba haikukatwa. Na inaweza kufanya hivyo mara mia au elfu kwa sekunde moja.

Lakini nani anapewa cheo kikubwa? Mwaka 1973, wataalamu wawili katika Marekani, C. L. Liu na James Layland, walitoa hesabu yake. Kwa kazi zenye kurudi mara kwa mara na kutotegemeana, mpe cheo kikubwa yule mwenye kurudi upesi zaidi. Na walionyesha jambo jingine lenye kushangaza. Ukifuata kanuni hiyo, hata kazi zikiwa nyingi namna gani, hakuna itakayochelewa kama kazi zote pamoja hazipiti kama asilimia 69 ya nguvu ya mashini. Ukipita hapo, pengine zitafika, pengine hazitafika. Unapaswa kupima moja moja. Maana yake, mashini yenye kuaminika ni ile yenye kuachiwa nafasi ya kupumua. Nafikiri hata wanaopanga orèri yetu ya wiki ya mitihani wangeweza kusoma hesabu hiyo.

HABARI MBILI KUTOKA MBALI

Tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1969, Waamerika wawili walikuwa wanashuka kwenye mwezi katika chombo cha Apollo 11. Ordinateri yao ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya maneno 2,048 tu. Katika kushuka, ikaanza kutoa alama ya hatari, namba 1202. Maana yake: kazi zimenizidi. Radari moja ilikuwa inaiibia nguvu kwa bure. Ordinateri ya kawaida ingekwama. Ile haikukwama, kwa sababu walioandika programu zake, katika kikundi chenye kuongozwa na Margaret Hamilton, waliitayarisha kwa siku mbaya. Ilitupa kazi zenye cheo kidogo, ikashika ile moja yenye haiwezi kuachwa, kushusha chombo. Watu wakafika salama.

Habari ya pili ni ya Mars. Tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1997, chombo cha Pathfinder kilifika huko, kikiwa na sistemu endeshi yenye kuitwa VxWorks. Baada ya siku chache, ordinateri yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kazi ya siku ikakatika. Sababu ilikuwa nini? Nitaieleza kwa ufunguo wa depo.

Mdogo wa kelasi ya 7 amechukua ufunguo wa depo kutoa chaki. Mimi nataka ufunguo huo huo, kwa sababu nyundo ya kengele iko ndani. Nangoja mdogo arudishe; haitakawia. Lakini mbele hajarudisha, wakubwa wa kelasi ya katikati wanamshika: «We mutoto, fagia kwanza kelasi yetu!» Yeye hawezi kukataa, wako juu yake. Mimi niko juu yao, lakini hawajui kwamba nangoja. Hivi watu wa katikati, bila kunigusa, wamenizuia mimi mkubwa wao. Kengele haipigwi. Bwana Prefe anatoka, anaona saa imepita, anasema: «Wote mstarini, tunaanza siku upya!»

Kule Mars ilikuwa sawasawa vile. Kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilishika ufunguo wa njia ya habari. Kazi kubwa iliungojea. Kazi za katikati zikamkata yule mdogo. Na saa ya ulinzi, ilipoona kazi kubwa haijamalizika, ikaanza yote upya. Wainjenia wa Pasadena, katika California, walichukua chombo pacha kilichobaki duniani, wakaijaribu mpaka wakauona ubaya, kiisha wakatuma dawa kwa radio. Dawa yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Wataalamu walikuwa wameieleza kwa hesabu mwaka 1990. Kanuni ni fupi: mdogo mwenye kushika ufunguo wenye mkubwa anaungojea, apewe cheo cha mkubwa huyo mpaka aurudishe. Basi hakuna wa katikati atakayemfagisha.

Nimeeleza mambo hayo kwa urefu juu ya neno moja. Hakuna hata moja kati yake yenye kushinda akili ya mwanafunzi wa hapa. Hesabu yake ni ya kugawanya na kujumlisha. Mfano wake ni kengele na ufunguo. Kwa nini basi tunaona ni mambo ya watu wengine?

HUKU KWETU

Mtu asiniambie kwamba kazi ya namna hii si ya Wakongo. Mwaka 2013, katika Kinshasa, roboti kubwa zenye urefu wa metre 2 na nusu hivi zilisimamishwa katika njia panda kuongoza magari. Zilitengenezwa kwa aluminiumu, zikapewa nguvu ya jua na kamera, na mtu aliyeziwaza ni mama injenia Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na chama chake Women's Technology. Mwaka 2015 zikaongezwa nyingine. Habari yake ilipita dunia nzima.

Mimi nazitaja kwa sababu moja. Kazi ya roulage ni kazi ya saa ngumu. Njia moja haina ruhusa ya kufunguliwa mbele ile nyingine haijafungwa na magari ya mwisho hayajapita. Kama mashini inashughulika kutunza picha ya kamera na kusahau kugeuza taa, watu watagongana. Kwa hiyo mwenye kuandika programu ya taa za njia panda anapaswa kujua lile la ufunguo na lile la cheo, hata kama gari zenye kupita ni taxi-bus za Katuba na za Ruashi na si vyombo vya kwenda Mars.

Na tutazame chini ya miguu yetu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote yenye kuchimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa sana ni katika Lualaba na hapa Haut-Katanga. Inaondoka kama unga au kama udongo. Kiisha inarudi ndani ya betri ya simu, na tunainunua. Katika betri za namna hiyo, hasa zile kubwa za gari, kuna kipande kidogo chenye kupima bila kuchoka: volti za kila chumba cha betri, joto lake, nguvu yenye kuingia. Chumba cha betri yenye kobalti, kwa kawaida, hakitakiwi kupita volti 4.2. Kikipita, kinaharibika, na kinaweza kuwaka moto. Kipande hicho kinapaswa kukata kwa saa yake. Jiwe ni letu. Akili yenye kulichunga inaandikwa mahali pengine, na watu ambao siku moja walikuwa na miaka 18 kama mimi.

Sisemi kwamba tukinunua vibao 10 tutafungua kiwanda cha betri mwaka kesho. Nasema kwamba kati yetu wapo wenye kutaka kuomba kazi katika makampuni ya migodi, na kule mikanda yenye kubeba mawe, mapompi na matanuru vinaongozwa na mashini za namna hii. Mwenye kujua paka kuandika barua katika Word atabaki kwenye mlango wa biro. Mwenye kujua kwa nini mashini imechelewa ataitwa ndani.

MAJIBU KWA WENYE KUPINGA

Wa kwanza wanasema: umeme haupo. Ni kweli, moto unakatika, na siku nyingine haurudi mpaka usiku. Lakini hapo njo ordinateri kubwa zinashindwa na vibao vinashinda. Kibao kinakunywa volti 5, kama simu. Betri ndogo ya kuchajia simu inakiwasha siku nzima, na sola ndogo inatosha. Ikibaki ordinateri moja yenye betri nzuri, inatosha kuandikia programu na kuipitisha kwenye kibao kwa kamba. Kiisha kibao kinafanya kazi peke yake.

Wa pili wanasema: hatuna makuta ya kununua sistemu hizo. Hazinunuliwi. FreeRTOS ilianzishwa na Richard Barry mwaka 2003, na inatolewa bure. Tangu mwaka 2017 inatunzwa na Amazon, na bado ni bure. Kiini chake kinakaa katika faili tatu tu, na mtu mwenye bidii anaweza kuzisoma zote. Zephyr, iliyo chini ya Linux Foundation tangu mwaka 2016, nayo ni bure. Zinaingia ndani ya kifunguo cha USB na nafasi inabaki. Hatuhitaji intaneti ya kila siku.

Wa tatu wanasema: mambo hayo hayaulizwi katika Exetat. Mimi ni finalisti, jambo hilo nalijua kuliko wao, na kila usiku linanikosesha usingizi. Lakini katika fizika wanauliza mkondo, volti na ukinzani. Katika hesabu wanauliza mantiki. Mwanafunzi aliyewasha taa moja kwa programu yake mwenyewe, akaona ukinzani ukikosewa taa inaungua, hataisahau kanuni ya Ohm siku ya mtihani. Sisi tunaikariri kama wimbo, na kama wimbo tunaisahau.

Wa nne, na hao ni walimu wengine ninaowaheshimu sana, wanasema: anzeni kwanza na klavie. Kwa miaka mingi somo la informatiki katika masomo mengi ya mji huu limefundishwa kwa chaki. Mwalimu anachora klavie kwenye ubao, wanafunzi wanachora katika kaye. Walimu wetu hawana kosa, walifundisha na kile walichokuwa nacho. Lakini kama tumengoja miaka yote hiyo, tusinunue ordinateri kwa kuendelea kujifunza mahali herufi A inakaa. Klavie itajifunzwa njiani, kama mtu anavyojifunza kushika jembe wakati analima.

Wa tano wananiuliza swali la akili kuliko yote: kwa kengele moja, je, tunahitaji sistemu endeshi? Jibu langu ni hapana. Kwa kengele peke yake, mviringo rahisi unatosha, na mwenye kuweka sistemu kubwa hapo anapasua karanga kwa nyundo ya mgodi. Kwa hiyo tusianze na sistemu. Tuanze na mviringo. Kiisha tuongeze kazi ya pili na ya tatu, mpaka tuone kwa macho yetu kengele ikichelewa. Siku hiyo mwanafunzi ataelewa sistemu endeshi ni ya nini, kwa sababu ataitamani.

NINAOMBA NINI

Naomba mambo matatu kwa komite ya wazazi na kwa Bwana Prefe, kwa heshima yote.

La kwanza: katika hesabu ya ordinateri 12, tubaki na 10. Kwa bei ya ordinateri mbili, hata zile zilizokwisha kutumika, tunaweza kupata vibao zaidi ya 10, pamoja na taa ndogo, nyuzi na vipimo vya joto na vya maji. Wanafunzi watatu kwa kibao kimoja, na kelasi moja nzima inafanya kazi siku moja.

La pili: tuchague kazi moja ya kweli ya masomo yetu, isiwe mchezo. Mimi natoa wazo la kengele na tanki la maji. Mashini ipige kengele kwa saa yake. Mashini hiyo hiyo ipime maji ya tanki kila sekunde chache, na ikiona pompi inazunguka bila maji, iizime mbele haijaungua. Pompi kavu haingoji kengele imalize. Hapo cheo, saa na ufunguo vitakuwa mambo ya kweli, na kosa litaonekana na masomo yote.

La tatu: walimu wa fizika na wa informatiki wapewe saa mbili kwa wiki za kazi hiyo, na vibao viandikwe katika kaye moja, na kapita wa kila kelasi atie sahihi anapovichukua na anapovirudisha. Wenye kuogopa kwamba vitaibwa wana haki ya kuogopa. Lakini mipira ya masomo tunaitunza, ngoma za kwaya tunazitunza. Kitu chenye watu wanakipenda hakipotei kwa urahisi.

Mwezi wa 7 nitakuwa nimemaliza hapa. Vibao hivyo vikinunuliwa, mimi sitavigusa. Watavigusa wadogo wetu wa kelasi ya 7 na ya 8, wale tunaowatuma chaki na ufunguo. Komite itakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Kila mwanafunzi aongee na mzazi wake nyumbani mbele ya siku hiyo, kwa sababu wazo lenye kufika Jumatatu, hata likiwa zuri namna gani, litakuta makuta yamekwisha kutumika.

Kapita mkubwa wa wanafunzi, kelasi ya mwisho